Mbio za Kalunguyeye

Msomaji, wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema kuwa haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mvivu huitegemea ya kwanza, na mwenye pupa huitegemea ya pili, na kila mmoja hujiona kuwa ana wazee upande wake. Mimi ni mwalimu, na kila siku nawaona wanafunzi wa aina zote mbili. Yuko akimbiliaye mwisho wa karatasi ya mtihani kabla ya kulielewa swali, na yuko aketiye akilitazama swali la kwanza mpaka kengele ikalia. Nani kati yao aliyeikosea methali yake? Katika insha hii nataka kuuchunguza mchezo mmoja wa video ambao, kwa maoni yangu, umeziweka methali hizi mbili katika mizani moja na kuzipima. Mchezo wenyewe waitwa Sonic the Hedgehog, nao ulitolewa mwaka 1991.

Yamkini utashangaa kuona mchezo wa kuchezwa katika televisheni ukijadiliwa mahali ambapo umezoea kusoma habari za mashairi na tamthilia. Sidai kuwa mchezo huu ni sawa na shairi. Nasema tu kwamba kila kitu kilichotengenezwa na watu kwa akili na bidii, kikapendwa na watu wengi kwa miaka mingi, chastahili kuulizwa maswali matatu. Kiliahidi nini? Kimetimiza nini? Kimeshindwa wapi? Mtu asiyeuliza maswali haya hupenda asichokijua, na huchukia asichokijua vile vile.

Kwanza tutazame asili yake. Kampuni ya Sega ya Japani ilianza kuuza mtambo wake wa michezo uitwao Mega Drive nchini mwake mwaka 1988. Marekani mtambo huo uliuzwa kwa jina la Genesis, kuanzia mwaka 1989. Lakini soko lilikuwa limeshikwa na Nintendo, kampuni nyingine ya Japani, ambayo ilikuwa na Mario, fundi bomba mwenye masharubu aliyejulikana na watoto wa nchi nyingi. Sega ilitaka shujaa wake wa kushindana naye. Kazi hiyo waliipewa watu wachache. Naoto Ohshima alimchora mhusika, Yuji Naka aliandika programu, na Hirokazu Yasuhara alipanga njia na mitego. Muziki ulitungwa na Masato Nakamura wa bendi ya Kijapani iitwayo Dreams Come True. Kazi yao yote iliingia katika kaseti moja yenye nafasi ya kilobaiti 512, ambayo ni ndogo kuliko picha nyingi zinazopigwa kwa simu siku hizi.

Kwa hiyo tukiri mapema kwamba mnyama huyu hakuzaliwa kwa ajili ya sanaa. Alizaliwa ili auze mitambo. Hata rangi yake ya buluu ililinganishwa na rangi ya nembo ya kampuni. Wako wasemao kuwa kitu kilichoagizwa na mfanyabiashara hakiwezi kuwa na thamani nyingine. Mimi siwaungi mkono. Fundi seremala aliyeagizwa mlango na tajiri huweza kuuchonga vizuri au vibaya, na uzuri wa mlango hautokani na nia ya tajiri bali na mkono wa fundi. Basi tuutazame mlango wenyewe.

Kalunguyeye yuko katika nchi yetu, na pengine umemwona usiku akipita kando ya ua akitafuta wadudu. Usimchanganye na nungunungu, ambaye ni mkubwa na mwenye miiba mirefu. Kalunguyeye ni mdogo wa kutosha kukaa katika viganja viwili. Akiogopa, hujikunja akawa kama mpira wa miiba, akangoja hatari ipite. Hana mbio za kumshangaza mtu. Jambo la kwanza walilolifanya watunzi wa mchezo huu ni kuigeuza tabia hiyo. Kalunguyeye wao ana viatu vyekundu, hukimbia kupita upepo, na kule kujikunja, ambako kwa mnyama wa kweli ni dalili ya hofu, kwake ni silaha. Akirukaruka au kubingirika huwa mpira unaovunja maadui. Ukimwacha bila kumwendesha, hukutazama usoni na kugongagonga mguu chini kama mtu aliyechoshwa na kungojeshwa. Hapo kampuni yatoa ahadi yake waziwazi kuwa huu ni mchezo wa mbio, na methali ya kwanza haina nafasi hapa.

Inasemekana pia kuwa kabla ya kumchagua kalunguyeye, watunzi walimfikiria sungura ambaye angeokota vitu kwa masikio yake na kuvitupa. Wazo hilo waliliacha, kwa sababu kila anapoinama kuokota angelazimika kusimama, na mwendo ungevunjika. Katika mchezo uliotoka, vitufe vyote vitatu vya pedi vinafanya kazi moja tu, nayo ni kuruka. Mtoto wa miaka mitano aweza kuujua mchezo huu kwa dakika moja. Namsifu mtunzi aliyejua la kuacha, maana wengi wetu twajua kuongeza tu.

Lakini sasa, msomaji, chukua pedi na ucheze. Mimi nilipoucheza mara ya kwanza niliamini ahadi ile. Nilikuwa katika eneo la kwanza, liitwalo Green Hill, lenye nyasi, minazi na bahari nyuma yake. Niliubana mshale wa kulia nikaukazia kidole, nikakimbia kwa furaha. Sikufika mbali. Niligonga mdudu wa chuma, nikagonga ukuta, nikatumbukia penye miiba. Nilirudia, nikatumbukia pale pale. Nilidhani mchezo umenidanganya. Baada ya siku kadhaa ndipo nilipotambua kuwa sikuwa nimeuelewa.

Mbio katika mchezo huu hazikai kidoleni. Zinakaa katika ardhi. Programu ya Naka inamfanya mnyama afuate mikunjo ya nchi, apande mlima kwa shida, ateremke kwa kasi. Akijikunja na kubingirika kwenye mteremko, kasi yake huzidi ile ya kukimbia kwa miguu. Ziko sehemu ambapo njia yapinda na kuwa kitanzi kizima, naye yampasa kupita juu kichwa chini. Akija bila kasi ya kutosha, hushindwa katikati akarudi alikotoka. Huwezi kukipita kitanzi kwa kukibana kitufe kwa nguvu zaidi. Yakubidi urudi nyuma, uutafute mteremko, uuchukue mwendo tangu mbali. Katika mchezo wa pili, uliotolewa mwaka 1992, mnyama alipewa uwezo wa kujizungusha akiwa amesimama na kufyatuka ghafula kwa kasi kubwa. Wachezaji wengi huupenda uwezo huo, na mimi sina ugomvi nao. Hata hivyo naona kuwa mchezo wa kwanza ulikuwa mkweli zaidi. Ndani yake kasi haikopeshwi. Huipati mpaka uijue nchi.

Tena njia si moja. Yasuhara alipanga njia zilizopandana kama ghorofa. Ile ya juu aghalabu ni ya haraka zaidi, na ina pete na zawadi, lakini yahitaji uruke kwa wakati wake. Ukikosea waanguka katika njia ya chini, ambayo ni ya polepole na ina maadui na miiba mingi. Mara nyingi hufi. Unashushwa tu. Waweza kuendelea na safari, na mara nyingine waweza kupanda tena mbele. Mchezaji mgeni humaliza hatua akiwa amepita chini karibu safari nzima, asijue kuwa juu yake kulikuwa na barabara. Akirudia mara ya kumi, hupita juu kama ndege. Nchi ni ile ile, mnyama ni yule yule, na pedi ni ile ile. Kilichobadilika ni maarifa yake.

Naka mwenyewe amesimulia kuwa alipokuwa akicheza mchezo wa Mario, ilimbidi kuirudia hatua ya kwanza mara nyingi, akawa anajaribu kuipita upesi zaidi kila mara. Kwa maoni yangu siri ya mchezo wa Sonic yapatikana katika habari hiyo. Mtu anayekimbia mahali asipopajua hukurupuka, bali yule anayekimbia mahali anapopajua huwa hodari. Watu wawili waweza kwenda kwa kasi moja, na mmoja wao tu akawa na haraka. Kwa hiyo methali zetu mbili hazigombani kama tulivyodhani. Haraka isiyo na baraka ni ya yule asiyejua aendako, na kungoja kunakoumiza matumbo ni kwa yule ajuaye njia lakini haondoki.

Jambo la pili linalostahili sifa ni pete. Kila mahali katika nchi hiyo zimetapakaa pete za dhahabu. Ukiwa na pete, adui akikugusa hufi. Pete zako zote hutawanyika kwa mlio wa kusikitisha, zikarukaruka chini, nawe una nafasi fupi ya kuziokota kabla hazijapotea. Hata ulikuwa nazo 90, zinazotawanyika hazizidi 32, na utakazoziwahi ni chache kuliko hizo. Lakini ukiokota moja tu, pete hiyo moja yakulinda sawasawa na pete 90. Asiye na kitu hufa akiguswa mara moja.

Tafakari hekima ya sheria hii. Katika michezo mingi ya zama zile, kosa moja lilimrudisha mchezaji mwanzo. Mtu aliyeogopa kosa alikwenda kwa kunyata. Kama Sonic angekufa kwa kila mguso, hakuna ambaye angethubutu kukimbia, na ahadi ya mbio ingekuwa maneno matupu. Pete ndizo zinazompa mchezaji ujasiri. Zinamwambia kuwa atalipia kosa lake, na malipo yatauma, lakini hataangamizwa nalo maadamu amebaki na kitu kidogo mkononi. Wakati huo huo zinamtamanisha azitunze. Akifikisha pete 100 hupewa uhai mmoja zaidi. Akimaliza hatua nyingi akiwa na pete 50 au zaidi, hufunguliwa mlango wa mahali pa siri penye kuzunguka, ambapo aweza kupata zumaridi moja kati ya sita. Kwa hiyo mchezaji ana hofu na tumaini kwa pamoja. Sijaona katika michezo ya aina hii sheria nyingine fupi kama hiyo iliyobeba maana nyingi kiasi hicho.

Sasa niseme makosa, maana mhakiki anayesifu tu ni mpiga debe.

Kosa la kwanza ni kwamba kioo cha televisheni ni chembamba kwa mnyama mwenye mbio hizi. Anapokwenda kwa kasi kamili, kilicho mbele yake huonekana kwa muda mfupi mno. Mara nyingi adui au mwiba hutokea wakati ambapo hakuna jicho la binadamu lingeweza kumwepuka. Mtetezi wa mchezo atanijibu kuwa nimekwisha kusema mwenyewe kwamba yampasa mchezaji kuijua nchi kwanza. Ni kweli. Lakini iko tofauti kati ya kumfundisha mtu kwa kosa lake na kumpiga kwa jambo ambalo hakuweza kulijua. Mahali pengine katika Green Hill mtunzi humpa mchezaji mteremko mzuri, humwacha aonje mbio, kisha humwekea kizuizi pale mbio zinapoishia. Hiyo ni hila. Mara moja yachekesha, mara tatu yaudhi.

Kosa la pili ni dogo kwa umbo lakini ni kubwa kwa maana. Mnyama akiguswa na adui, humetameta kwa muda mfupi, na katika muda huo hawezi kudhurika. Hiyo ndiyo huruma niliyoisifu. Lakini katika mchezo huu wa kwanza miiba haiifuati sheria hiyo. Ukiumizwa na ukaangukia juu ya miiba ungali unametameta, huna pete tena, nayo itakuua. Mchezo unatoa ahadi kwa mkono wa kulia na kuivunja kwa mkono wa kushoto. Mchezaji aliyekufa kwa njia hiyo hajifunzi kitu, ila kutoiamini sheria. Sheria kali huvumiliwa na watu ikiwa ni moja kwa wote na kwa siku zote. Ile isiyotabirika haivumiliki hata ikiwa nyepesi.

Kosa la tatu ndilo linalojadiliwa zaidi. Baada ya Green Hill, mchezaji huingizwa katika eneo la Marble, lenye magofu na ujiuji wa moto kama utokao katika volkeno. Huko mnyama mwenye mbio husukuma mawe, husimama juu ya jiwe linaloelea polepole juu ya moto, hungoja minyororo yenye vyuma vizito ipande na kushuka. Baadaye huingia katika eneo la Labyrinth, ambalo sehemu kubwa yake imezama majini. Majini mwendo wake ni mzito, kwa kuwa hajui kuogelea, na pumzi yake haizidi nusu dakika. Pumzi ikikaribia kwisha, muziki hubadilika ukaanza kwenda kasi, na tarakimu huonekana kichwani pake zikihesabu kutoka 5 kushuka chini. Yambidi atafute mahali panapotoka mapovu ya hewa, asimame, angoje povu kubwa. Wengi wamesema kuwa maeneo haya yanaisaliti ahadi ya mchezo. Wanauliza: mbio ziko wapi?

Mimi siwezi kuyahukumu maeneo haya mawili kwa hukumu moja. Labyrinth nalitetea. Mnyama asiye na subira, aliyekuwa akitugongea mguu kwa dharau, sasa yampasa kusimama na kulingoja povu la hewa kama mtu yeyote. Hofu ya kuhesabiwa pumzi ni ya kweli, na mtu akitoka majini na kuvuta hewa huona furaha ambayo asingeiona bila kuzama. Tena eneo linalofuata ni Star Light, mji wa usiku wenye taa na vitanzi virefu, ambamo hakuna tone la maji linalomzuia. Mbio za Star Light ni tamu kwa sababu ya uzito wa Labyrinth. Polepole ya namna hii ina kazi yake.

Marble silitetei. Huko kungoja hakukuongezei maarifa. Waweza kuwa umelicheza eneo lile mara mia, ukalijua kama ua wa nyumba yenu, na bado jiwe litaelea kwa mwendo wake ule ule, nawe utasimama juu yake ukitazama. Katika Green Hill maarifa yanapunguza muda. Katika Marble, mahali pengi, mjuzi na mjinga husafiri kwa chombo kimoja na kufika saa moja. Hapo mchezo umeisahau sheria yake yenyewe, yaani kwamba ajuaye ndiye apitaye upesi. Kosa la Marble si kuwa la polepole. Kosa lake ni kuwa halimlipi mwanafunzi kwa kujifunza.

Nilipofika hapa katika kufikiri, msomaji, niliona haya kidogo, kwa kuwa nilijitambua. Nimewahi kutunga mtihani wenye swali ambalo sikuwa nimelifundisha, nikamlaumu aliyekosa kuwa hasomi. Huo ulikuwa mwiba uliofichwa mbele ya mwenye mbio. Nimewahi pia kumweka mwanafunzi aliyekwisha kuelewa somo akingoja juma zima, akirudia mazoezi yale yale, ili wengine wamfikie. Hilo lilikuwa jiwe la Marble. Yawezekana ndiyo sababu ya kuyaona makosa haya upesi. Mchezo na somo ni ndugu, kwa maana vyote viwili hupanga njia na mitego ili mtu awe tofauti anapotoka na alivyokuwa anapoingia.

Liko jambo jingine la mbio ambalo halikuwa kosa la watunzi bali la utaratibu wa televisheni. Televisheni za Japani na Marekani za wakati ule zilionyesha picha 60 kwa sekunde. Zile za Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, kama zile za Kenya, zilifuata utaratibu wa PAL, wenye picha 50. Mchezo huu haukurekebishwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo katika mitambo iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, mnyama yule yule alikwenda kwa kasi ya sehemu tano katika sita, na muziki wa Nakamura ukavutwa polepole pamoja naye. Watoto wa huko walimsifu kwa mbio bila kujua kuwa wamepunjwa sehemu ya sita. Nalitaja jambo hili kwa kuwa lathibitisha niliyoyasema. Kama uzuri wa mchezo ungekuwa katika kasi tupu, wale waliopunjwa wangemkataa. Hawakumkataa, kwani walichokipenda kilikuwa katika kuijua njia, na hicho hakikupungua.

Nimalizie uchunguzi kwa hadithi, ambayo ni fupi na karibu haina maneno. Yuko mwanasayansi mnene mwenye masharubu makubwa, aitwaye Robotnik, anayewakamata wanyama na kuwafunga ndani ya mashine ili waziendeshe. Kila unapovunja roboti, hutoka sungura au ndege akaruka na kwenda zake. Mandhari yenyewe yaanza kwenye nyasi za Green Hill na kwisha Scrap Brain, penye viwanda, misumeno na moshi. Hakuna anayekuhutubia kuhusu uharibifu wa mazingira. Unaona tu kuwa kila uendavyo mbele majani yanapungua, na kwamba ndani ya kila chuma mlikuwa na kiumbe. Mtunzi aliyeweza kusema jambo bila kulitamka anastahili heshima.

Na mwisho wake ni wa kuzingatiwa. Ukimshinda Robotnik, mnyama hurudi Green Hill. Kama umezikusanya zumaridi zote sita, zinatoka na kuing'arisha nchi, na maua yanachanua. Kama hukuzikusanya, hakuna maua. Mwishoni humwona Robotnik akizirusharusha mikononi zile zumaridi ulizoziacha, pamoja na maandishi yanayokuambia ujaribu tena. Yaani yule aliyekimbia tu hadi mwisho amefika, lakini hakuiponya nchi. Mchezo uliojigamba kwa mbio wamwambia mwenye mbio mwishoni kwamba alipita karibu na mambo mengi asiyaone. Sina hakika kama waliotaka kuuza mitambo waliipima maana hiyo. Mimi naiona.

Mchezo huu ulifaulu katika biashara yake. Marekani ulitiwa katika kifurushi kimoja na mtambo, na Sega ikawa mshindani wa kweli wa Nintendo kwa miaka kadhaa. Lakini ushindi wa biashara haudumu. Mwaka 2001 Sega iliacha kutengeneza mitambo ya michezo ya nyumbani, na leo kalunguyeye wa buluu huchezwa hata katika mitambo ya Nintendo. Mwaka 2007 yeye na Mario waliwekwa katika mchezo mmoja wa Olimpiki. Sababu iliyomzaa imekufa, naye angali hai. Hilo ni jibu langu kwa wale wasemao kuwa kitu cha biashara hakina thamani ila ya biashara.

Basi hukumu yangu ni hii. Sonic the Hedgehog ni mchezo mzuri wenye dosari, na uzuri wake si ule uliotangazwa. Ulitangazwa kuwa mchezo wa mbio, kumbe ni mchezo wa kujifunza nchi, ambao mbio ni mshahara wake. Pale unapolipa mshahara huo, kama katika Green Hill na Star Light, sijui mwenzake katika zama zake. Pale unapomnyima mjuzi haki yake, au unapompiga mgeni kwa asichoweza kukijua, unastahili lawama, na kuupenda kusituzuie kuulaumu.

Nawe msomaji, ukipata nafasi ya kuucheza, usiubane mshale wa kulia ukadhani umekwisha kuucheza. Anguka mara ya kwanza, utazame ulipoangukia. Mara ya pili tafuta njia ya juu. Mara ya kumi, wakati mikono yako imekwisha kuijua nchi, mwachie kalunguyeye akimbie.